Mti Adimu na Meza ya Halmashauri

Mwaka 2001 mti wa Erythrina schliebenii, wenye maua mekundu na shina la miiba mikali, ulipatikana tena katika kipande cha msitu kusini mwa pwani ya Tanzania, miaka mitatu baada ya kutangazwa kuwa umetoweka duniani. Mwaka 2008 kipande hicho cha msitu kilifyekwa kupisha shamba la mimea ya kuzalisha mafuta ya mitambo, na hofu ikarudi kwamba mti umekwisha. Baadaye ukaonekana tena karibu na Kilwa, pamoja na Karomia gigas ambao nao ulidhaniwa kutoweka; taarifa ikachapwa 2011 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa nje. Wengi husimulia kisa hiki kama cha bahati. Mimi naona ndani yake hesabu ya miaka saba ambamo mti ulijulikana, na kujulikana huko hakukuuzuia msitu kufyekwa.

Si kwamba wataalamu wa mimea hatuna mitandao. AETFAT, chama cha wataalamu wa uainishaji wa mimea ya Afrika ya kitropiki, kimetukutanisha tangu 1951, na kitabu cha mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki kilichokamilika 2012 kiliorodhesha spishi zaidi ya 12,000 kwa kazi ya wataalamu wa nchi nyingi. Lakini humo tunazungumza na watu waliokwisha kukubaliana nasi. Ardhi inaamuliwa kwingine. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, msimamizi ni halmashauri ya kijiji, nayo huhitaji ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Juu yake wapo afisa ardhi na afisa maliasili wa wilaya, na mshauri anayeandika tathmini ya athari kwa mazingira, mara nyingi kwa haraka. Mtandao wenye nguvu ya kubadili jambo ni ule ambamo watu hawa wana namba ya simu ya mtaalamu, na mtaalamu ana yao, kabla mwekezaji hajafika.

Kilwa yenyewe imeonyesha kwamba hilo linawezekana. Vijiji vilivyotenga misitu yao kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya 2002, vikishirikiana na shirika la kuhifadhi mpingo, vilipata 2009 cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, na mapato ya magogo yakaingia kijijini. Mpingo si adimu kama miti niliyoitaja, ila msitu unaosimama kwa ajili yake unaihifadhi na mingine. Hata mbegu za Karomia zilipopelekwa bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, mwaka 2018, zilipita mikononi mwa Wakala wa Huduma za Misitu. Miche iliyoota ilikuwa michache mno, kwa hiyo asitokee wa kutuambia kwamba bustani ya ng'ambo itaziba pengo la msitu.

Wapo wanaohofu kwamba mwanasayansi akizoeana na wenye madaraka atapoteza uhuru wake. Hofu hiyo ina msingi pale anapowaandikia wanachotaka kusikia. Kuwaeleza miti iko wapi na imebaki mingapi hakumwondolei uhuru wowote. Pingamizi zito zaidi ni la siri: kutaja mahali ni kuwaalika wezi. Kwa msandali, ambao Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake 2007, ni kweli tupu, na ramani isitoke hadharani. Lakini adui wa miti ya Kilwa amekuwa mfyekaji asiyejua anachofyeka, na kwake siri yetu haina faida. Ama wanaosema mitandao ni semina na posho, sina ubishi nao. Simu na karatasi mbili za Kiswahili hazihitaji ukumbi wa hoteli.

Kwa sababu hiyo tunawaomba waandishi wa jarida letu jambo moja. Kila makala inayotaja mmea ulio hatarini ije na muhtasari wa Kiswahili wa kurasa mbili, uliokwisha kupelekwa kwa halmashauri ya kijiji na kwa afisa maliasili wa wilaya husika, na mwandishi atuambie aliupeleka kwa nani na lini.