Ndege Peke Yake Haishindi Vita
Sisi wakazi wa Shinyanga na Geita, ambao jiji la Mwanza ni jirani yetu, aghalabu tukisimulia Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 huwasifu askari wa miguu, tukaghafilika na somo adhimu lililoandikwa angani. Machi 1979 Libya, katika kumnusuru Idi Amin, mtawala wa Uganda, ilituma Tupolev Tu-22, ndege ya mabomu yenye injini mbili na mwendo uupitao wa sauti, iishambulie Mwanza. Walakini shabaha ilikosewa, na waliouawa wakawa ni swala wa kisiwa cha Saanane. Hata baina ya mahasimu wenyewe, ndege za kivita za Tanzania, nyingi zikiwa zimeundwa China, na MiG za Uganda, zilizotoka Muungano wa Kisovieti, zilikuwa za nasaba moja, kwa kuwa Wachina walifuata michoro ya Kisovieti. Basi tofauti baina yao haikuwa chuma, bali elimu na nidhamu ya wenye kukitumia. Mchimbaji wa Geita anajua: sururu kali haimpi dhahabu asiyeujua mwamba. Kwa hiyo naisihi Serikali iwafundishe vijana wetu urubani na uhandisi, kabla ya kufikiri kununua ndege nyingine.