Mpenda hatari si mhalifu

Kila fujo zinapozuka katika kaunti yetu ya Tana River, lawama ya kwanza huwaangukia vijana. Husemwa kwamba damu yao inachemka, hawaogopi kifo, hawawezi kutulia. Maneno hayo yakisemwa mara nyingi hugeuka hukumu: anayependa hatari ni mhalifu ambaye bado hajashikwa. Hukumu hiyo ni potofu na inaumiza, na sayansi inayotajwa kuitetea inasema jambo jingine kabisa.

Kipimo cha kwanza mashuhuri cha kiu ya msisimko kilitolewa mwaka 1964 na mwanasaikolojia wa Marekani, Marvin Zuckerman. Toleo lililoenea zaidi, la mwaka 1978, lina maswali 40 katika mafungu manne: kupenda michezo ya hatari, kutafuta mambo mapya, kujiachia katika ulevi na anasa, na wepesi wa kuchoshwa. Mafungu hayo hayana uzito mmoja. Yanapolinganishwa na tabia za kuwadhuru wengine, fungu la michezo ya hatari huwa na uhusiano hafifu. Yanayohusiana zaidi ni kujiachia na kuchoshwa upesi. Anayejumlisha pointi zote na kutoa jibu moja kuhusu kijana amechanganya ushujaa na utovu wa nidhamu.

Uovu wenyewe una vipimo vyake. Kinachojulikana zaidi ni cha Robert Hare wa Kanada, chenye vipengele 20, kila kimoja kikipewa alama 0, 1 au 2. Humo mna uongo wa mazoea, kuwatumia wenzako, kukosa huruma na kutojuta. Kiu ya msisimko ni kipengele kimoja tu. Mtu aliyejaa kiu hiyo hadi pomoni anapata alama 2 kati ya 40, na Amerika Kaskazini mstari unaotumika kwa kawaida ni 30. Kipimo hicho hufanywa na mtaalamu aliyefunzwa, kwa mahojiano marefu na kumbukumbu za maisha ya mtu. Si karatasi ya kugawia darasa zima. Na kwa mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, hakuna anayetajwa kuwa na ugonjwa wa hulka ya kuwadhuru wengine kabla ya kutimiza miaka 18.

Kuna kasoro nyingine ambayo watafiti wenyewe waliiona. Baadhi ya hojaji za msisimko huuliza waziwazi kuhusu dawa za kulevya au kuvunja sheria. Ukishauliza hivyo, si ajabu majibu yakafanana na ya wahalifu: umepima kitu kimoja mara mbili. Ndiyo maana mwaka 1994 Jeffrey Arnett alitunga hojaji ya maswali 20 iliyoacha kuuliza juu ya uvunjaji wa sheria.

Sasa tuilete hojaji ya msisimko hapa kwetu Garsen. Maswali ya Zuckerman yaliandikwa kwa wanaojua kuteleza kwenye theluji na kuruka kwa parachuti. Mtafiti mwenye nia njema atasema tubadilishe, tuweke mto mahali pa theluji. Hapo ndipo awe mwangalifu. Katika vijiji vingi vya delta, mtumbwi unaovuka Tana asubuhi hubeba wanafunzi wenye sare, mama mwenye mkungu wa ndizi, na baiskeli iliyolazwa juu ya magoti ya watu. Maji ya kahawia yamekaribia ukingo. Mwenye pondo husukuma huku macho yakitafuta mamba. Muulize mwanafunzi yule kama amewahi kuvuka mto wenye mamba. Atajibu ndiyo, na kesho atavuka tena. Mpimaji ataandika "mpenda hatari", kumbe kijijini kwake hakuna daraja.

Vivyo hivyo kwa mchungaji wa Kiorma anayelala na ng'ombe porini penye simba, na kwa kijana wa bodaboda anayebeba abiria watatu usiku kwa sababu mkopo wa pikipiki unadai. Fungu la kuchoshwa nalo lina mtego wake. Kijana aliyemaliza kidato cha nne, akakosa ajira na ada ya chuo, atasema siku zake zote zinafanana na anachoka nazo. Hajaeleza hulka yake, ameeleza hali ya uchumi wa kwao. Na msichana anayeulizwa kuhusu pombe na wanaume mbele ya mgeni atajibu kwa kuchunga heshima ya nyumbani kwao.

Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu eneo hili linajua gharama ya hukumu za jumla. Tarehe 22 Agosti 2012 zaidi ya watu 50, wengi wao wanawake na watoto, waliuawa katika kijiji cha Riketa. Tarehe 10 Septemba waliuawa watu 38 Kilelengwani, askari polisi 9 wakiwa miongoni mwao. Desemba ikaja zamu ya Kipao. Waliofanya unyama ule walistahili kukamatwa na kushtakiwa, mmoja mmoja, kwa matendo yao. Lakini anayetaka kuueleza kwa damu moto ya vijana wa Kipokomo au wa Kiorma, jamii mbili zilizopigana, anaruka mambo yanayojulikana: ardhi, malisho, malka za kufikia maji, silaha, na siasa za kuelekea uchaguzi wa 2013. Hojaji haipimi malka iliyozibwa.

Hatusemi vipimo vitupwe. Vikitumiwa vizuri vinaokoa. Katika jimbo la Kentucky, Marekani, watafiti wakiongozwa na Philip Palmgreen walitunga matangazo ya televisheni ya kupinga bangi yaliyolenga vijana wenye kiu kubwa ya msisimko: yenye kasi, yenye kushtua, yasiyo na mahubiri. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha matumizi ya bangi yalipungua kwa vijana hao hao. Wanaopambana na muguka na bangi Pwani wajifunze hapo. Kijana wa aina hiyo hasikii kukaripiwa, anasikia mwito unaolingana na moto wake.

Na mwito upo. Tana ilipofurika 2018, 2023 na 2024, watu walihitaji kutolewa kwenye nyumba zilizozingirwa na maji. Kazi hiyo inataka mtu asiyeogopa. Kaunti iwasajili vijana hao, iwafunze uokoaji na huduma ya kwanza, iwape maboti na maboya, na iwalipe.

Kwa watafiti tuna madai matatu. Kwanza, maswali yatungwe na kujaribiwa hapa, kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma. Kilifi, kwa jirani zetu, watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, wamefanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi katika vipimo vya ukuaji wa watoto, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba haiwezekani. Pili, mtoto asihojiwe bila ridhaa ya mzazi, na majibu yake yasifike kwa chifu, polisi wala mwalimu mkuu. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai ridhaa hiyo, na NACOSTI inayotoa vibali vya utafiti iisimamie. Tatu, matokeo yarudishwe Garsen na Hola, yasomwe mbele ya wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wa Matadeda, baraza la Waorma, na mbele ya vijana wenyewe.

Kwa idara ya usalama tuna dai moja. Mshike aliyetenda, kwa ushahidi. Asiyetenda lolote, hata akiwa ndiye kijana mkaidi na mpenda hatari kuliko wote kijijini, hana kesi ya kujibu.