Mkaguzi yumo garini!

Mpenzi msomaji, majuzi niliabiri matatu katikati ya jiji la Nairobi kuelekea Kangemi. Muziki ulitupasua masikio, nayo mikanda ilikuwa imesukumwa chini ya viti. Mara akaingia bwana mmoja aliyevalia suti nyeusi, kalamu mkononi, faili kwapani. Utingo akamtazama dereva. Muziki ukazimwa. "Wazee, akina mama, tafadhalini fungeni mikanda," tukaombwa kwa adabu. Hata chenji yangu nilirudishiwa bila kuidai!

Tulipokaribia Westlands, yule bwana alifungua faili, akaanza kutuuzia bima ya mazishi. Utingo akarudisha muziki, safari hii juu zaidi.

Tulicheka sana. Lakini kisa hicho ni cha kale. Mrusi Nikolai Gogol alikiandika katika tamthilia iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1836. Meya wa mji mdogo anapata habari kwamba mkaguzi wa serikali anakuja kwa siri. Hofu inampofusha. Karani aliyepoteza fedha zake katika kamari, na kukwama katika nyumba ya wageni akidaiwa hata chakula, anadhaniwa ndiye. Wakubwa wanampa "mikopo" mmoja baada ya mwingine, naye meya anamwahidi binti yake. Kijana akishatoroka, askari anaingia na kutangaza: mkaguzi halisi amewasili!

Wajerumani waliigeuza tamthilia hiyo kuwa filamu ya vichekesho, Eine Stadt steht kopf, yaani mji umepinduka kichwa chini miguu juu. Ilionyeshwa mwaka 1933, filamu zenye sauti zikiwa bado changa, na ndiyo ya kwanza kuongozwa na mwigizaji mashuhuri Gustaf Gründgens. Mwaka huo huo Hitler alitwaa madaraka, na kuwaogopa wakubwa hakukuwa jambo la kuchekesha tena.

Huku kwetu, Christon Mwakasaka aliitafsiri tamthilia hiyo kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1979 kwa jina Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Itafuteni, mwisome pamoja nyumbani, kila mtoto na sehemu yake.

Mtagundua kwamba si yule laghai aliyeuharibu mji. Ulikuwa umeoza zamani. Wenyewe walizoea kufunika kombe mwanaharamu apite.

Je, sisi tumeachana na mtindo huo? Mwanafunzi, wajua jinsi shule inavyopigwa deki siku ya mkaguzi, na vitabu vipya vikatolewa kabatini. Akienda, navyo hurudi kabatini. Nami nakiri: bwana wa bima aliposhuka, niliufungua mkanda wangu, na hakuna abiria aliyeninyoshea kidole, kwani wote walifanya vivyo hivyo.

Sheria ya mikanda katika matatu ilianza kutekelezwa mwaka 2004. Haikuwekwa kwa ajili ya mkaguzi, msomaji wangu. Iliwekwa kwa ajili yako na mwanao. Ajali haingoji mwenye suti ashuke.