Kumwachia Mwenzako Nyumba ya Kupanga



Juma hili napenda tutafakari jambo la kawaida mitaani kwetu Dar es Salaam: mpangaji kumwachia mwingine nyumba kabla mkataba haujaisha.

Tuchukue mfano. Baba mmoja amelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, shilingi 150,000 kwa mwezi, jumla 900,000. Mwezi wa pili unapokwisha, anahamishiwa kazini Mwanza. Miezi minne, yaani shilingi 600,000, bado haijatumika. Anampata kijana anayejiandaa kufunga ndoa, anapokea fedha hizo, anamkabidhi funguo na kuondoka. Mwenye nyumba hana habari. Siku anapobisha hodi, anakuta sura asiyoijua na ankara za maji ambazo hazijalipwa. Kijana ataonyesha nini? Hana mkataba wala stakabadhi. Ana funguo tu.

Anayeondoka hujitetea: “Kodi niliilipa mwenyewe, nimeuza kilicho changu.” Hapo amesema nusu ya ukweli. Alicholipia ni haki ya kukaa, naye alipewa haki hiyo kwa masharti. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, inamtaka mpangaji apate kwanza idhini ya mwenye nyumba. Nayo Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2410, ikifafanua amri ya saba, yatufundisha kwamba mikataba ya haki sharti iheshimiwe.

Lakini wenye nyumba nao wasifurahi mapema. Sheria hiyo hiyo haimruhusu mwenye nyumba kuinyima idhini bila sababu ya msingi. Yupo anayemkataa kila anayeletwa, akingoja mpangaji aondoke na kuacha miezi yake minne, kisha anaingiza mwingine na kupokea kodi ya miezi ile ile. Huyo amelipwa mara mbili kwa kitu kimoja. Kwa maoni yangu, huo nao ni wizi, hata kama hakuna polisi atakayemkamata.

Kosa, basi, si kumwachia mwenzako nyumba. Kosa ni kufanya hivyo gizani, na mara nyingi anayeumia ni yule anayeingia, ambaye hakuvunja ahadi yoyote.

Nashauri watu watatu waketi pamoja: anayeondoka, anayeingia na mwenye nyumba. Waandike siku ya makabidhiano, miezi iliyobaki, nani amelipa nani kiasi gani, na deni la maji ni la nani. Watie sahihi mbele ya shahidi. Ni kazi ya saa moja.

Na wewe unayetaka kuhama, ukiona unaogopa kumwita mwenye nyumba kikaoni, jiulize kwa unyofu: ni kitu gani hasa unachomwachia mwenzako, nyumba au balaa?

Mungu awabariki.