Bibi harusi aanze na yungiyungi, samaki baadaye



Siku hizi tangi la samaki limekuwa zawadi ya mtindo kwenye harusi zetu. Linaletwa limeshajazwa maji, mawe ya rangi, maua ya plastiki na samaki tele, linawekwa chumbani kwa bibi harusi, watu wanapiga picha. Mdogo wangu aliletewa la namna hiyo. Fungate haijesha, samaki wote wanane wamekufa. Maskini akalia, akasema ndoa yake imeingia na mkosi.

Dini yetu imetukataza kuamini mikosi, na sababu ilikuwepo wazi. Maji ya tangi jipya bado hayana bakteria wa kusafisha uchafu wa samaki, na uchafu huo hutoa sumu ya amonia. Bakteria hao huchukua wiki kadhaa kuzaliana. Mwenye zawadi hakuambiwa, na bibi harusi ndiye aliyebaki kuwatoa waliokufa.

Kwa hiyo mimi nasema, mpe wari yungiyungi kibete kwanza. Linauzwa likiwa kiazi kidogo cha kushika kiganjani. Kibonyeze: kikiwa kigumu chukua, kikibonyea na kunuka kiache. Siku za mwanzo huenda kikaelea, usihangaike nacho. Kikishazama kilaze juu ya mchanga, nusu yake iwe nje, kwani ukikifukia chote kinaweza kuoza. Joto la visiwani kwetu linakitosha, hita ya nini? Maji ya kisima yenye chumvi hakiyawezi. Ya bomba yaache siku nzima kwenye ndoo iliyo wazi, klorini iondoke.

Ninapobishana na mashoga zangu ni kwenye majani. Yungiyungi likishakolea hupandisha majani kwa vikonyo virefu mpaka juu ya maji, nao wanataka yaachwe ili lichanue. Mimi nayakata, tena chini kabisa karibu na kiazi, kila yanapoanza kupanda. Yakiachwa hutanda kama jamvi, mwanga haufiki chini, na majani ya ndani ya maji hudhoofika. Ukiyakata unabaki na kichaka kizuri chini, kijani kilichochanganyika na wekundu, na samaki watapata pa kujificha. Ua ni zuri, sikatai. Lakini kwenye tangi dogo la chumbani lenye taa hafifu utalingoja sana, na huku kichaka kinakwisha. Anayetaka harufu chumbani asuke asumini.

Mdogo wangu alianza upya na kiazi kimoja. Alingoja wiki sita ndipo akanunua samaki watatu wadogo. Mumewe ndiye anayewalisha, na kila siku anagombezwa kwa kuwazidishia chakula.