Tusilifunge Shamba Kabla ya Mavuno

Mwaka jana nilifanya BTP Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu na nyanya kando ya barabara kuu ya Iringa. Siku moja nikiwa nafundisha jenetiki Kidato cha Nne, binti mmoja akanyoosha mkono: “Madam, GMO si ndiyo inaleta kansa?” Darasa zima likaitikia. Nikasema hiyo haipo kwenye mada, nikaendelea na mbaazi za Mendel. Nilikwepa, na mpaka leo inaniuma.

Ningemweleza habari ya ZMapp. Mwaka 2014, Ebola ilipotikisa Afrika Magharibi, dawa hii yenye kingamwili za aina 3 ilitoka kwenye majani ya mmea wa jamii ya tumbaku uliokuzwa Kentucky, Marekani. Jeni zinaingizwa kwenye jani, jani linatengeneza kingamwili, linavunwa, linasagwa, kingamwili zinachujwa. Hakuna anayekula jani lile.

Na nisingeishia kwenye sifa. Kuanzia Novemba 2018 ZMapp ilishindanishwa na dawa nyingine 3 mashariki mwa Kongo. Waliopewa ZMapp, karibu nusu walifariki. Waliopewa mAb114 au REGN-EB3, kama theluthi tu. Na hiyo mAb114 asili yake ni damu ya Mkongo aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995. Kwa hiyo Agosti 2019 ZMapp ikawekwa pembeni. Jani lilishindwa, sawa. Ila lilishindwa kwa jaribio, si kwa uvumi.

Sisi je? Mahindi ya GMO ya kustahimili ukame yalianza kujaribiwa Makutupora, Dodoma, 2016. Januari 2021 Wizara ya Kilimo ikatangaza kusitisha majaribio ya GMO.

Siwabezi wenye hofu. Mama niliyepanga kwake, mkulima wa vitunguu, aliniuliza swali zito kuliko la kansa: “Mwalimu, hizo mbegu zikija, kila msimu nitanunua kwa nani, na kwa bei ya nani?” Hilo ni suala la umiliki na sheria, na anastahili jibu. Lakini kuzuia utafiti hakumjibu; kunamwacha asubiri majibu ya wengine.

Wanaualimu wenzangu, tukienda BTP tusikwepe kama mimi. Yule binti ameshamaliza shule, na jibu lake bado ananidai.