Spageti bila ndagala

Jumamosi iliyopita binti yangu alinitoa mtaani kwetu Buyenzi, hapa Bujumbura, akanipeleka mjini kula chakula cha Kiitaliano. "Baba, leo hakuna bugali," alisema. Nikavaa kofia nikamfuata.

Pahali penyewe pazuri, sina neno. Meza chache, viti vya plastiki kama vya kabare yoyote ya kwetu. Spageti zililetwa zinafuka, zimeiva kiasi cha kuliachia jino kazi kidogo, siyo kama zetu za nyumbani tunazozichemsha mpaka zikashikana kama uji uliolala. Tatizo lilikuwa samaki. Juu ya mchuzi waliweka tuna wa kopo, na ukisimama kizingitini pale unaliona ziwa Tanganyika lote. Samaki wa kopo kasafiri mpaka Dar es Salaam, kapanda lori, kalipiwa ushuru, ili aje kuliwa kando ya ziwa!

Nikamwuliza kijana wa mezani, "Mwanangu, ndagala hamna?" Akacheka kwa adabu. "Mzee, hapa tunapika Kiitaliano."

Hapo ndipo ninapobishana naye. Trattoria kwa Waitaliano ni mkahawa wa mtaa: mwenyewe yuko jikoni, wanaokula ni majirani, na kinachopikwa ni kile kilichoamkia sokoni. Kule Sicily wana tambi za sardini, zinatiwa shamari na zabibu kavu. Asiye na jibini hunyunyizia chenga za mkate zilizokaangwa. Na ndagala, dagaa hawa wa ziwa letu, ni ukoo mmoja na sardini. Sasa Uitaliano unavunjika wapi?

Wasomali hawakumwuliza mtu. Walitawaliwa na Waitaliano, wakabaki na tambi, wanaziita baasto, wanazila na mchuzi wa nyama wenye viungo vyao na ndizi mbivu pembeni. Wanajeshi wetu wa Burundi walioanza kwenda Mogadishu mwishoni mwa 2007 waliyaona hayo kwa macho. Mpwa wangu alihudumu kule. Mpaka leo hali spageti bila ndizi, na uma haugusi.

Jumapili niliingia jikoni mwenyewe. Ndagala wabichi nikawakata vichwa, kitunguu, nyanya za Imbo, pilipili moja, kijiko cha mawese, basi. Mama watoto alisimama mlangoni akinitazama kama mwizi. Alipoonja alinyamaza, na huyu si mtu wa kunyamaza. Binti aliyenipeleka mjini alirudia sahani.

Kwa hiyo nawaomba wenye mikahawa ya Kiitaliano ya Bujumbura: wekeni sahani moja tu ya ndagala kwenye orodha yenu. Mwenye shaka aje Buyenzi aonje. Ila asije mwezi ukiwa mkubwa, maana usiku huo taa za wavuvi hazivuti kitu, na ndagala hawapatikani.